Pikipiki ya umeme na mtihani wa mchanga wa Sangailu

MVUA inaponyesha Sangailu, udongo mweusi wa nyanda za Ijara hugeuka ulimbo unaonasa magurudumu ya lori. Jua linaporejea, udongo huo huo hupasuka, kisha husagika kuwa vumbi laini linalopenya kila tundu.

Katika wadi hiyo ya eneobunge la Ijara, kaunti ya Garissa, si mbali na msitu wa Boni na mpaka wa Somalia, pikipiki ndiyo hupita pale ambapo gari limekwama. Hubeba mama mja mzito anayekimbizwa hospitalini, gunia la unga, na mhudumu wa mifugo na kisanduku chake cha dawa.

Umuhimu wa kufika ulidhihirika mwishoni mwa mwaka wa 2006, mvua kubwa zilipofuatwa na mkurupuko wa homa ya Bonde la Ufa katika wilaya za wakati huo za Garissa na Ijara. Mafuriko yalikuwa yamekata barabara, na maafisa wa afya na wa mifugo walitatizika kuwafikia wafugaji ambao mifugo wao walikuwa wakifa.

Chombo chochote kinachodai kuchukua nafasi ya pikipiki ya petroli katika eneo kama hilo hakina budi kujibu swali moja: kikizima katikati ya nyika, nani atajua ni kwa nini?

Swali hilo ndilo kiini cha kazi ya kujaribu pikipiki ya umeme ya mashindano ya nyikani. Kazi hiyo hufanywa mbali na Garissa, katika karakana na viwanja vya mashindano vya Japani, Ulaya na Marekani, lakini matokeo yake ndiyo yatakayoamua iwapo mashine za aina hiyo zitawahi kuaminiwa na mwendeshaji wa Sangailu.

Ilikoanzia

Kampuni ya Honda ilionyesha hadharani pikipiki yake ya majaribio ya motokrosi inayotumia umeme, CR Electric, jijini Tokyo mwaka wa 2019. Ilichukua zaidi ya miaka minne kabla ya mashine hiyo kuingizwa mashindanoni. Mnamo Oktoba 2023, Mmarekani Trey Canard aliiendesha katika mashindano ya ubingwa wa Japani mkoani Saitama, dhidi ya pikipiki za petroli.

Miaka minne si muda mrefu kwa kazi ya aina hiyo. Kampuni ya Alta Motors ya Marekani, iliyokuwa imeunda pikipiki ya motokrosi ya Redshift iliyosifiwa na waendeshaji wengi, ilifunga milango Oktoba 2018 kabla ya biashara yake kukomaa. Stark Future, yenye makao yake karibu na Barcelona nchini Uhispania, ilizindua pikipiki ya Varg mwishoni mwa mwaka wa 2021.

Tangu hapo mashindano yenyewe yameanza kuzipa mashine hizo nafasi. Shirikisho la kimataifa la michezo ya pikipiki, FIM, lilianza msururu wa E-Xplorer, wa pikipiki za umeme pekee, mwaka wa 2023. Januari 2024, mbio za Dakar nchini Saudi Arabia zilifungua kitengo cha Mission 1000 kwa vyombo vinavyotumia umeme, hidrojeni au mchanganyiko wa nishati. Washiriki wake walipangiwa takriban kilomita 100 kwa siku, umbali mdogo mno ukilinganishwa na wa washindani wa petroli. Waandalizi walijua walichokuwa wakifanya.

Nchini Kenya, mtihani wa karibu zaidi ulifanyika Naivasha. Kuanzia 2022 hadi 2024, magari ya kiwango cha juu katika Safari Rally yalibeba mota ya umeme na betri ya takriban kilowati-saa 4 kando ya injini ya petroli, kabla ya mfumo huo kuondolewa mwanzoni mwa msimu wa 2025. Wenye kumbukumbu watakumbuka jinsi vumbi la fesh-fesh, lililo laini kama unga wa ngano, lilivyoziba vichujio vya hewa na kuzisumbua injini za timu kubwa.

Magari hayo yalikuwa na taa maalumu ya usalama. Ikiwaka kijani, msaidizi wa barabarani angeweza kuligusa gari lililoanguka. Ikiwa nyekundu, alipaswa kukaa kando. Kwa wasimamizi waliozoea kulikimbilia gari lililopinduka na kulisukuma kwa mikono, hilo lilikuwa somo jipya kabisa.

Hesabu ya nishati

Lita moja ya petroli ina nishati ya takriban kilowati-saa 9. Betri ya Varg ya kwanza ilikuwa na kilowati-saa 6, yaani chini ya lita moja ya petroli kwa hesabu ya juujuu.

Hata hivyo, injini ya petroli hupoteza sehemu kubwa ya nishati hiyo kama joto na kugeuza takriban robo tu kuwa mwendo, ilhali mota ya umeme hugeuza karibu asilimia 90. Kwa hivyo betri hiyo hufanya kazi inayokaribia ile ya lita mbili na nusu za petroli.

Hiyo ndiyo akiba yote aliyo nayo mhandisi. Kila wati inayopotea kwenye waya mwembamba, kwenye cheni iliyokazwa kupita kiasi au kwenye breki inayokwaruza hupunguza umbali. Ndiyo maana majaribio huanza mezani, wala si mchangani.

Kabla ya gurudumu kugusa ardhi

Jambo la kwanza kupimwa ni usalama wa anayepima. Umeme wa moja kwa moja unaozidi volti 60 huhesabiwa kuwa hatari kwa maisha, na baadhi ya pikipiki za umeme za motokrosi hufanya kazi kwa volti 300 na zaidi.

Fundi hupima kama kuna umeme unaovuja kutoka kwenye betri kwenda kwenye fremu. Kanuni za kimataifa hutaka ukinzani usiopungua omu 100 kwa kila volti. Kwa betri ya volti 360, hiyo ni omu 36,000. Pikipiki inayopita kipimo hicho asubuhi ikiwa kavu inaweza kushindwa jioni baada ya kuoshwa, na kwa sababu hiyo kipimo hurudiwa ikiwa imelowa.

Swichi kuu hufuata. Betri haiunganishwi ghafla na kidhibiti cha mota, kwa kuwa ndani ya kidhibiti mna kapasita ambazo zikiwa tupu hufyonza umeme kwa mshindo. Kwanza umeme hupitishwa polepole kupitia kikinzani, kisha swichi kuu hufunga. Utaratibu huo ukikosewa, cheche huweza kuziunganisha ncha za swichi kana kwamba zimechomelewa na fundi wa vyuma. Baada ya hapo mwendeshaji atazima ufunguo na pikipiki itaendelea kuwa hai.

Kosa hilo halionekani kwa macho. Hugunduliwa tu na anayekumbuka kupima volti baada ya kuzima.

Ndipo mota huzungushwa kwa mara ya kwanza, gurudumu la nyuma likiwa limeinuliwa na kiwango cha mkondo kikiwa kimewekwa chini. Nyaya za vihisi vinavyoonyesha mkao wa mota zikiwa zimebadilishana, mota hutetemeka, hunguruma bila kuzunguka, au huenda kinyume. Ni afadhali ifanye hivyo ikiwa juu ya stendi.

Kichapuzi nacho huwa na vihisi viwili badala ya kimoja. Vikitofautiana, kidhibiti hukata nguvu, kwa maana waya mmoja uliokatika usije ukafasiriwa kuwa mkono wa mwendeshaji umefungua hadi mwisho.

Adui ni joto

Wengi hudhani kwamba mwendo wa kasi ndio mtihani mkali zaidi wa pikipiki ya umeme. Sivyo. Mtihani mkali ni mwendo wa polepole kwenye mchanga mzito.

Kwenye mchanga, mota hutoa nguvu nyingi mfululizo bila kupumzika, ilhali upepo wa kupoza ni hafifu kwa sababu pikipiki haiendi kasi. Mkondo wa umeme huongezeka, na joto huongezeka kwa kiwango cha mraba wa mkondo. Waya au kifaa chenye ukinzani wa sehemu 10 kwa 1,000 za omu hutoa wati 100 za joto kwa mkondo wa ampia 100. Mkondo ukifika ampia 200, joto halifiki wati 200 bali 400.

Gurudumu likikwama kabisa na mwendeshaji akaendelea kufungua, hali huwa mbaya zaidi. Mota isiyozunguka hupokea umeme wote kupitia sehemu ile ile ya kidhibiti, badala ya kuugawa zamu kwa zamu. Sehemu hiyo inaweza kuungua kwa sekunde chache huku kipimajoto kilicho sentimita chache kando kikionyesha kwamba mambo ni shwari.

Kwa sababu hiyo, wapimaji hubandika vipimajoto vingi kuliko vitakavyobaki kwenye pikipiki itakayouzwa: kwenye nyaya za mota, kwenye kidhibiti, katikati ya betri na pembeni mwake. Seli za katikati huwa na joto zaidi kwa kuwa zimezungukwa na wenzao. Kipimajoto kilichowekwa ukingoni kitatoa habari njema zisizo za kweli.

Sumaku za mota pia zina mpaka wake. Sumaku za neodimiamu zikipashwa joto kupita kiwango cha aina yake hupoteza sehemu ya nguvu, na nguvu hiyo hairudi mota ikipoa. Mwendeshaji ataona tu kwamba pikipiki imekuwa goigoi kuanzia siku fulani.

Dawa ya kawaida ni kuiagiza kompyuta ipunguze nguvu kidogo kidogo joto linapopanda. Hapa wahandisi wa mashindano na mwendeshaji wa kawaida hawana haja moja. Mshindani huomba mpaka usogezwe juu, maana atavumilia mota iliyoharibika akishinda. Anayembeba mgonjwa huhitaji mpaka uwe chini na tahadhari itolewe mapema, ili aamue yeye mwenyewe kama atapumzika chini ya mgunga au ataendelea.

Garissa si mahali pa kuanzia hesabu hiyo kwa nyuzi 20 za selsiasi, kama inavyofanywa katika karakana za Ulaya. Joto la mchana huko hupita nyuzi 35 katika miezi ya kiangazi. Betri nyingi za lithiamu hazipaswi kuchajiwa seli zake zikipita takriban nyuzi 45, na mpaka wa kuzitumia huwa karibu na nyuzi 60. Nafasi iliyobaki kati ya hewa na mpaka ni ndogo.

Vumbi na maji

Watengenezaji hupenda kutaja alama ya IP67. Maana yake ni kwamba kifaa hakiingizi vumbi, na kinaweza kuzamishwa katika maji ya kina cha mita moja kwa dakika 30.

Alama hiyo ni ya kweli, lakini hutolewa kwa kifaa kipya kilichotulia. Haisemi lolote kuhusu mpira wa kuzibia uliotetemeshwa kwa miezi sita, wala kisanduku cha betri kilichopashwa moto kwa mwendo wa saa nzima kisha kikatumbukizwa ghafla katika maji ya lagha. Hewa iliyo ndani hupoa, hunywea, na kuvuta maji kupitia ufa usioonekana. Mpimaji mwenye busara huitia pikipiki majini ikiwa moto.

Kuisaka hitilafu

Hitilafu iliyo wazi haimsumbui mtu. Inayosumbua ni ile inayokuja na kuondoka.

Chukua mfano wa pikipiki inayoruka tuta, inatua, mota inakata kwa nusu sekunde, kisha inarudi kana kwamba hakuna lililotokea. Kwa mwendeshaji aliye hewani akitegemea nguvu ya gurudumu la nyuma kumweka sawa, nusu sekunde yatosha kumvunja mfupa.

Sababu zinaweza kuwa nne au tano. Huenda seli moja dhaifu hushuka volti mota inapodai mkondo mkubwa, na kompyuta ya betri ikakata ili kuikinga. Huenda plagi fulani hulegea kwa mshtuko. Huenda waya wa kichapuzi umekatika ndani ya ganda lake huku nje ukionekana mzima. Pengine mvumo wa umeme kutoka kwa nyaya nene za mota huingia katika waya mwembamba wa mawasiliano uliopitishwa karibu mno.

Fundi asiye na kumbukumbu za safari hubahatisha. Atabadilisha betri, kisha kidhibiti, kisha mota, na atakapomaliza fedha atakuwa bado hajajua.

Mwenye kumbukumbu hutazama nusu sekunde ile ile. Seli moja ikiwa imeshuka huku nyingine zimesimama imara, mwenye hatia ni seli hiyo au kiunganishi chake. Volti ya betri ikiwa nzima lakini ishara ya kichapuzi imeanguka hadi sifuri, basi tafuta waya wa mkononi. Vipimo vyote vikipotea kwa pamoja, tatizo liko kwenye njia ya mawasiliano au kwenye umeme mdogo wa volti 12 unaolisha kompyuta zote.

Likibaki shaka kati ya seli na kiunganishi, kuna mbinu kongwe isiyohitaji mashine ya gharama. Kifurushi cha seli kinachoshukiwa huhamishwa na kuwekwa mahali pa kingine. Hitilafu ikikifuata, kifurushi ndicho kibovu. Ikibaki pale pale, kosa ni la nyaya. Waya nao hutikiswa kwa mkono, sehemu baada ya sehemu, huku msaidizi akitazama kioo cha vipimo.

Sharti ni kubadilisha kitu kimoja tu kwa wakati, kisha kurudia tuta lile lile kwa kasi ile ile. Mafundi wengi huvunja sharti hilo jioni, wakiwa wamechoka na mashindano ni kesho, na hapo ndipo pikipiki "hupona" bila mtu kujua kilichoiponya.

Moto ni sura nyingine. Betri ya lithiamu iliyotobolewa au kupondwa kwenye jiwe inaweza kuwaka baada ya saa kadhaa, na ikizimwa huweza kuwaka tena. Kuipoza huhitaji maji mengi, ushauri ambao hauna faraja kwa kijiji kinachopimiana maji kwa mitungi. Betri iliyopata dharuba hutengwa nje, mbali na nyumba na zizi, na haichajiwi.

Nani atatengeneza?

Pikipiki ya petroli ikizima, fundi wa kando ya njia ana maswali mawili: mafuta yanafika, na cheche ipo? Kwa spana na plagi moja ya akiba hupata jibu. Pikipiki ya umeme ikizima hukaa kimya, na jibu limo ndani ya kompyuta ambayo huenda imefungwa kwa nywila ya kampuni iliyo bara jingine.

Na kampuni hufa. Mbali na Alta, kampuni ya Cake ya Uswidi ilifilisika Februari 2024. Ndiyo iliyokuwa imeunda pikipiki ya umeme kwa ajili ya askari wa wanyamapori, kwa ushirikiano na chuo cha mafunzo ya wanyamapori cha Southern African Wildlife College nchini Afrika Kusini, ikisifiwa kwa kuwa haina kelele za kumshtua mnyama wala kumwonya jangili.

Sifa hiyo ingewavutia wanaomlinda hirola, swala adimu anayehifadhiwa Ishaqbini katika kaunti hii hii ya Garissa. Lakini kimya kina upande wa pili. Katika maeneo ya msitu wa Boni, ambako operesheni ya kiusalama ilianzishwa Septemba 2015, chombo kinachopita usiku bila kusikika si habari njema kwa kila mtu.

Kampuni iliyo karibu ni Roam ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka wa 2017 kwa jina la Opibus. Ilianza kwa kubadili magari ya kitalii kuwa ya umeme, na mwaka wa 2022 ikazindua pikipiki ya Roam Air kwa ajili ya bodaboda. Si pikipiki ya mashindano, na betri yake inayochomoleka ni ya takriban kilowati-saa 3 tu.

Pikipiki hiyo ndiyo iliyofanya safari inayostahili kuzingatiwa na wakazi wa nyika. Mwaka wa 2024, kikundi cha Chuo Kikuu cha Stellenbosch kiliiendesha kutoka Nairobi hadi Stellenbosch, Afrika Kusini, umbali wa takriban kilomita 6,000 kwa siku 17, ikitumia umeme wa jua pekee. Paneli zilibebwa na magari yaliyofuatana nayo na kutandazwa kando ya njia. Mwendeshaji wa Sangailu hatakuwa na gari la kumfuata.

Jua analo. Mtambo wa Garissa wa megawati 50, uliozinduliwa Desemba 2019, hupeleka umeme wake katika gridi ya taifa, ambayo haijafika katika vijiji vingi vya Ijara. Kaunti hiyo ni miongoni mwa 14 zilizolengwa na mradi wa KOSAP wa umeme wa jua nje ya gridi, ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka wa 2017.

Paneli za jumla ya kilowati moja, zikipata saa tano za jua kali, hutoa takriban kilowati-saa 4 baada ya hasara za njiani, kiasi cha kujaza betri moja ya ukubwa wa ile ya Roam. Tatizo ni kwamba saa hizo tano ni zile zile ambazo hewa ina joto zaidi. Paneli hukaa juani. Betri iliyotoka safarini ikiwa moto huwekwa kivulini, huachwa ipoe kwanza, na ndipo huunganishwa. Mwenye betri mbili huacha moja chini ya mti na kuondoka na nyingine.